Zamu ya Kwanza Nje ya Boma

Jumanne, 1 Mei 1862

Tumefika! Mgongo si wangu tena. Siku chungu nzima juu ya gari la maksai, kuku wakinidonoa visigino, Mama akiimba zaburi na kuyatukana mashimo ya njia kwa pumzi ile ile.

"Ndipo hapa?" akauliza gari liliposimama.

Ndipo, nikamwambia. Akatazama nyasi zinazofika kiunoni, msitu, na milima iliyosogea karibu kama jirani mmbea. Akasema: "Kumbe waliobaki nyumbani ndio walioshinda kura."

Kura! Mume wangu Panas aliingiza mkono kofiani majira ya baridi, mbele ya Wakosaki wote wa kijiji chetu cha zamani, sisi tunaolima na bunduki begani, akatoa kikaratasi chenye msalaba. Wenye msalaba wahamie ng'ambo ya mto Kuban wakajenge boma jipya. Alirudi nyumbani amepauka kama chokaa. Na yeye mwenyewe huku hata hajafika — walimchukua njiani, wakampeleka kituo cha zamu kule kivukoni. Kwa hiyo tuliofika ni mimi, Mama Horpina aliyemzaa, ng'ombe mmoja, na kuku wenye hasira.

Ni mama mkwe. Wenzangu huona taabu kumwita mkwe wao "Mama". Mimi aliyenizaa simkumbuki, kwa hiyo neno lilikuwa limekaa bure.

Naandika kwa sababu baba, msomaji wa kanisa, alinifundisha herufi kwa kukosa mtoto wa kiume. Panas akija atakuta siku zake zote zimewekwa. Ah — hasomi! Basi naandika tu.

Alhamisi, 3 Mei

Luteni kijana mwenye ramani amepigilia vigingi. Boma la mraba. Kwanza handaki, udongo wake unapandishwa kuwa tuta, juu ya tuta uzio wa fito uliojazwa miiba. Malango mawili, mnara mmoja. Pande tatu zichimbwe mara moja. Upande wa nne, wenye mipeasi, uje mwisho kwa sababu ya mizizi. Luteni atarudi baada ya Sikukuu ya Utatu na anataka akute boma limefungwa. Mbu wamemla uso mzima, masikini, amevimba kama andazi.

Wanaume handakini, sisi wanawake kwenye udongo wa nyumba. Msaragambo: leo nyumba ya huyu, kesho ya yule. Udongo, majani makavu, samadi, kisha tunaukanyaga sketi zimepandishwa magotini. Mkuu wetu, Ataman Sidir, alipita akageuza uso, akajikwaa kwenye ndoo. Hivria akamwambia atazame tu, magoti hayaumi macho. Hivria ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mdomo wake ungetosha kulinda boma peke yake.

Mama hakanyagi, miguu imemvimba tangu safarini. Ameketi juu ya sanduku lake anatoa amri. Odarka, binti wa Hivria, ana miaka minne, alimsogelea akambonyeza kisigino kwa kidole. Shimo likabaki. Akafikiri. Akaenda akaleta konzi ya udongo, akaanza kumkandika Mama miguu yote miwili.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Imejaa maji, Bibi. Itavuja."

Mama akamwachia amalize. Jioni nilimwosha. Akaniambia niusafishe polepole, fundi kafanya kazi nzuri.

Jumapili, 6 Mei

Sala ya wazi chini ya anga, kisha Ataman Sidir akasoma kanuni za boma. Lango lifunguliwe jua likishachomoza, na wapelelezi wawe wametoka na kurudi. Lifungwe kabla ya giza. Likishafungwa halifunguliwi, hata akibisha mama mzazi. Mtu asivuke kigingi peke yake. Makaburi yatakuwa nje, kwenye mipeasi, ng'ambo ya handaki.

Mama alikuwa anatafuna mbegu za alizeti. Akaacha.

Mipeasi ile haikuota yenyewe. Imepandikizwa, kovu la kisu unaliona kwenye shina. Chini yake kuna jiwe moja la kaburi, refu, limeinama. Ataman alisema watu wa milimani waliokaa hapa wamehama.

"Wamehama, au wamehamishwa?" Mama akauliza.

Ataman akashikwa na kikohozi.

Nyumbani hakula. Uji wa mtama wenye mafuta ya nguruwe, chakula chake, akausogeza kando. Nikadhani ni miguu. Kumbe ni makaburi.

Akaniambia: unajua, aliyezikwa mwisho ndiye anayeshika zamu kwenye lango la makaburi, mpaka aje mwingine ampokee. Najua, nani hajui. Kule kwetu, akasema, mtu hasimami sana, kijiji kikubwa. Baba yake Panas alisimama siku chache tu, akaja mzee Nechipir kumpokea — mlevi, lakini zamu ni zamu. "Sasa hapa? Hakuna hata kaburi letu moja. Wa kwanza nani? Nitazame. Mwenye miguu kama mapipa ni nani?"

Nikajitia kucheka. Nikasema, Mama, watu hufa kila mahali, utapokewa tu.

"Ndiyo hiyo, Kilina! Ndiyo hiyo hasa. Nitasimama pale nje ya boma, nikitazama moshi wa nyumba zenu, nikiomba mmoja wenu afe ili nipumzike. Ujirani gani huo? Nimtamani nani? Hivria? Wewe?"

Nikampa ahadi nisiyojua nitaitimizaje: kwamba hatasimama peke yake nje ya boma, naapa hatasimama. Akanitazama, akauvuta uji wake ukiwa umeshapoa.

Jumatatu, 7 Mei

Tumekwenda kwa Ataman. Yeye ni mtu mkubwa, masharubu mpaka kifuani, na zamani alikuwa chini ya baba mkwe wangu, kwa hiyo mbele ya Mama anasimama kama kuruta.

Mama akaomba makaburi yawe ndani.

Haiwezekani. Boma likipanuliwa handaki linarefuka, na likirefuka linataka walinzi, na walinzi hana. "Mama, siyo mimi. Ni ramani."

"Ramani ina mama?"

"Haina, Mama."

"Inaonekana."

Ataman akavuta sharubu moja, akavuta la pili. Akasema: basi usife.

"Ni amri?"

"Ni amri."

"Basi nitajitahidi. Sijapata kutoroka zamu."

Tukarudi. Njiani aliniegemea uzito wote, nami nikajifanya siuoni.

Jumamosi, 12 Mei

Habari imeenea, wanawake hawawezi kuweka siri. Na sasa boma zima halitaki kuwa wa kwanza! Wanaume waliokuwa wakiruka handaki kwa mashindano wanapita kwenye ubao, taratibu, kama mabibi arusi. Trokhim mume wa Hivria aliteleza kwenye paa jana. Akiwa bado hewani watu wanampigia kelele: "Si wewe, Trokhim! Si wewe!" Akaangukia majani. Akainuka akisema zamu hiyo hata kwa pipa la pombe haitaki.

Kila asubuhi Ataman anapita ukutani kwetu: "Mama Horpina! Uko kazini?"

"Nipo!"

Watu wanacheka. Mimi nasikia jinsi ile "nipo" inavyochelewa zaidi kila siku.

Leo Mama aliniomba nifungue sanduku. Nguo zake za safari ya mwisho zipo juu kabisa: shati jeupe alilolitarizi mwenyewe, kitambaa cha kichwa, soksi mpya. Na kifuko cha udongo wa kaburi la mumewe, alioutwaa siku tuliyoondoka. Alitaka kuona kama panya hawajaingia. Odarka akauliza ni za arusi? Ndiyo, akasema Mama, bwana yupo, ila amekaa mbali kidogo.

Usiku nimelia nikiwa nimemkumbatia ng'ombe, ili asisikie. Miaka mitatu nimeolewa na sina mtoto, na mwanamke huyu hajaniuliza hata siku moja. Hata siku moja! Wenye mama zao wa kuwazaa wana bahati kama hii?

Ijumaa, 18 Mei

Mvua. Handaki lina maji, vyura wamehamia bila kura.

Tanuri imewashwa. Mkate wa kwanza uliungua chini na ukabaki mbichi katikati. Mama akala ukoko akasema ni mtamu, muongo mkubwa huyu.

Mpanda farasi kaleta salamu za Panas. Mzima. Anaomba soksi. Anauliza Mama anaendeleaje. Nimwambie nini? Nimetuma soksi.

Homa ya bondeni imeanza. Nyumba mbili za lango la chini zina wagonjwa. Wanatetemeka juani na kutoka jasho kivulini.

Jumanne, 22 Mei

Odarka.

Alikuja asubuhi na maua ya porini, kama kawaida, ameyashika kichwa chini. Akayaweka magotini kwa Mama, akajilaza juu yake, akasema anasikia baridi. Jua linawaka! Mama akamgusa paji la uso na nikaona uso wa Mama.

Nyumba ya Hivria inavuja. Nimemleta mtoto kwetu, karibu na tanuri. Hivria hasemi. Hivria! Ameketi sakafuni anashikilia kiatu kimoja cha mtoto. Afadhali angepiga kelele.

Tunampa maji ya magome machungu ya mti wa kando ya mto. Anayatapika. Ataman amepita ukutani, akaita, na Mama hakujibu. Ikabidi niseme mimi kwamba yupo.

Alhamisi, 24 Mei

Nianzie wapi!

Alfajiri, bunduki ya mnarani. Pa! Na mlinzi anapiga ukelele, na mlingoti wa majani umewashwa moto. Hatari! Boma zima likatoka mbio. Wanaume wana bunduki lakini wengi hawana suruali. Ataman buti moja tu. Mimi nimeshika uma wa majani. Nikageuka kumtazama Mama nimfiche wapi — kitanda kitupu! Odarka yupo, Hivria amesinzia kando yake, Mama hayupo.

Mlinzi anaonyesha upande wa mipeasi, ule usiochimbwa bado. Kitu cheupe! Anaapa kilitoka ardhini. Wanaume wakatambaa kwenye nyasi zenye umande, bunduki mbele, na Ataman akanguruma: nani wewe, jitaje!

"Unapiga kelele za nini, Sidir? Utaamsha mtoto."

Mama. Ameketi juu ya lile jiwe lililoinama, amevaa nguo zote za safari, kitambaa, soksi mpya zimelowa. Amejikongoja peke yake, kwa miguu ile! Akawatazama wanaume wale mmoja mmoja, kutoka magotini mpaka juu, akasema kwamba adui akiona hivi atarudi kwao kwa aibu.

Hakuna aliyecheka bado. Ataman akauliza anafanya nini huku.

"Nimekuja kutazama mahali. Nataka hapa, karibu na njia, nisikie lango likifunguliwa asubuhi."

"Mama, si wewe uliyekataa kuwa wa kwanza?"

"Nilikataa." Pumzi ikamwishia, akangoja irudi. "Hivria amekuja? Hajaja? Basi nisikilizeni. Yule mtoto leo ni siku ya tatu hatambui mtu. Mnataka asimame yeye? Hajui hata kufunga kamba za viatu vyake! Asimame huku gizani, na mama yake kule ndani anausikia upepo? Zamu hii ni yangu. Nilikuwa naikimbia, sasa naitaka. Nipeni upesi nimuwahi."

Mkono wa Ataman ulikwenda kichwani kuvua kofia, ukakuta hana. Akabaki ameushikilia pale pale. Trokhim, baba yake mtoto, aliweka bunduki chini akaondoka akielekea msituni, na watu wawili wakamfuata kwa mbali ili asiwe peke yake.

Ataman akaliangalia lile jiwe. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama tunapaswa kuling'oa.

"Mng'oe nini? Huyu ndiye mwenye nyumba, Sidir. Wageni ni sisi. Nimeshamwomba radhi." Akalipapasa. "Hakunijibu. Nami nisingejibu."

Tulimbeba juu ya joho la Ataman. Njia nzima ananung'unika kwamba anatikiswa kama gunia la viazi. Mimi nilishika upande wa kichwa. Nywele zake zilinuka umande.

Jumamosi, 26 Mei

Leo kabla ya jua, Ataman Sidir alikwenda peke yake upande wa mipeasi, akang'oa vigingi vya Luteni kwa mikono. Akavibeba begani. Akavipigilia upya nyuma ya mipeasi, nyuma ya jiwe. Akashika sepetu akaanza kuchimba.

Hakuita mtu. Trokhim alifika wa pili. Kisha wote! Hata wenye homa walikuja kushika fito. Boma letu la mraba limeota tumbo.

Trokhim anachimba bila kuinua kichwa. Nilimpelekea maji, akaniambia: mwambie Mama Horpina kwamba akisimama atakuwa ndani. Atasikia mbwa wetu. Nikasema nitamwambia. Akasema: na mwingine akisimama… Hakumaliza, akanirudishia kata.

Nilimwambia Mama. Akageukia ukuta. Mabega yalitikisika kidogo. Kisha akauliza kama udongo ni mweusi au wa manjano. Mweusi, Mama. Mzuri kwa vitunguu, akasema.

Ataman amemtuma mpanda farasi kivukoni kumwomba Panas kwa mkubwa wake. Ameniambia kama ikibidi mpanda farasi atalia mbele ya yule mkubwa kwa niaba yake. Mungu ampe maisha marefu mtu huyu na buti lake moja!

Jumapili, 27 Mei

Utatu. Tumetandaza majani ya kunukia sakafuni, matawi ya kijani mlangoni. Walioyakata walitoka na walinzi.

Mama hawezi tena kuketi. Ameomba Odarka alazwe kitandani kwake. Moto mmoja na barafu moja chini ya shuka moja. Hivria kashika mguu wa huyu, mimi mkono wa yule. Tumekuwa familia kubwa.

Odarka anaweweseka, anaita kuku wetu kwa majina aliyowapa yeye. Mama anaitikia kila jina. "Nipo. Ko ko ko. Nipo."

Jumatatu, 28 Mei

Leo ardhi ina sikukuu yake. Hakuna kuchimba, hakuna kulima, hakuna kupigilia hata kigingi. Ukiichoma leo unamchoma mama siku ya sikukuu yake. Handaki limebaki wazi upande wa mipeasi, sepetu zimelazwa. Ataman anatembea huku na huku. Luteni anakuja kesho.

Asubuhi Mama alifumbua macho, akauliza leo siku gani. Nikamwambia. Akafikiri sana. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kwenye sanduku, ya amri:

"Basi leo hafi mtu. Hakuna wa kumchimbia. Mmesikia? Odarka, umesikia? Ni marufuku."

Tukangoja jua litembee. Sijapata kuona siku ndefu hivi. Mchana mtoto alinyamaza kabisa na Hivria akainuka akasimama katikati ya nyumba, mikono imetanuka, hajui aende wapi. Nikasogea kumgusa Odarka shingoni.

Maji! Jasho! Shuka limelowa, nywele zimelowa. Nikalia "Hivria!" na Hivria akadhani ndiyo hiyo, akapiga magoti. Na mtoto akafumbua macho, akamtazama Mama kwa makini.

"Bibi, mbona umevaa nguo za arusi?"

"Nakwenda kazini."

"Na mimi?"

"Wewe huendi popote. Wewe utakuja ukiwa bibi mwenye meno mawili. Ukija mapema nakurudisha kwa fimbo."

Odarka akaomba peasi. Mabichi bado, magumu kama mawe! Akala vijiko viwili vya uji, akalala usingizi wa kweli. Hivria akatoka nje, na hapo ndipo akapiga kelele, nilidhani mnara utaanguka. Mlinzi alipiga kelele nyuma kuuliza kama ni hatari. Si hatari, mpumbavu wee, ni mtoto anakula!

Mama akatabasamu macho yamefumba. Nikambusu mkono. Ulikuwa baridi mpaka kwenye kiwiko.

Jumanne, 29 Mei

Wanachimba tangu alfajiri. Kwa fujo, kwa jasho, Ataman anawakemea: haraka, haraka, Luteni yuko njiani! Pande zote mbili za tumbo zinakaribiana. Sauti ya sepetu inafika mpaka kitandani.

Mama anaisikiliza. Akanivuta mkono.

"Wakiunganisha nitakwenda. Nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nangoja lango langu tu."

Na Panas? nikauliza.

Chozi moja lilitoka, likapita njia yake ndani ya mikunjo, polepole.

Nikatoka mbio. Kitambaa kimeanguka sikukiokota. Nikamkuta Ataman juu ya tuta, nikamshika buti. Nikamwambia asichimbe! Wapunguze! Mama ameifunga roho yake kwenye handaki lile na Panas bado yuko njiani.

Akanitazama. Mtu huyu ambaye mwezi mzima neno lake lilikuwa haraka! Akageuka, akatwaa sauti yake yote, akasema: "Jamani. Pole pole."

Hakuna aliyeuliza. Trokhim aliinua sepetu yenye udongo wa kujaza kijiko. Akaitazama. Akaitua. Mwingine akaketi kunoa sepetu ambayo haina kutu. Mwingine alikuta mzizi, akaanza kuusafisha kama anautafutia mchumba.

Hapo ndipo Luteni akafika, uso umepona. Ana ramani yake. Akatazama ramani, akatazama tumbo la boma, akatazama tena ramani. Akauliza ni nini hii, na kwa nini watu wamesinzia? Hivria akamchukua Luteni kwa mkono wa koti, kama mtoto wa jirani, akamleta mpaka dirishani kwetu. Akachungulia. Alichoona ni bibi kizee aliyevaa nyeupe na mtoto aliyelala amemshika kidole.

Kisha akarudi handakini, akamwambia Ataman kwamba atasema walikuta mwamba, wakazunguka. Akaketi kwenye nyasi, akavua kofia. Hakuwahimiza tena.

Kimebaki kipande cha hatua chache. Mlinzi wa mnara ametazama njia ya kivukoni tangu asubuhi, mkono juu ya macho. Nikimwita anatikisa kichwa. Sasa hivi ameacha kutikisa. Ameinama mbele. Vumbi, anasema, au ng'ombe, hajui.

Nimerudi ndani. Naandika nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, karatasi gotini.

Ameuliza: imebaki kiasi gani?

Nimesema: bado sana, Mama. Nusu ya boma.

Amesikiliza nje. Sepetu moja. Kimya. Sepetu moja.

"Njia ya mwongo fupi, Kilina," amesema. Kidole chake kimenibonyeza kiganja. "Lakini irefushe kidogo."